Sura ya 5: Mshtuko wa Moyo Hauanzi Siku ya Maumivu

Mwaka 1960 ulichapishwa utafiti uliolinganisha maiti zilizopasuliwa Uganda na zile zilizopasuliwa katika mji wa St. Louis, Marekani. Madaktari walikuwa wakitafuta athari za mshtuko wa moyo, yaani sehemu ya msuli wa moyo iliyokufa kwa kukosa damu. Katika maiti 632 za St. Louis walizikuta mara 136. Katika maiti 632 za Uganda, za watu wa umri unaolingana na wale, walizikuta mara moja tu.

Miaka 31 kabla ya hapo, mwaka 1929, daktari aliyeitwa C. P. Donnison alikuwa amechapisha habari nyingine ya kushangaza, safari hii kutoka Nyanza, Kenya. Alipima presha za wanavijiji 1,000 akaona kwamba hazikuwa zikipanda kadiri watu walivyosonga mbele katika umri, kama ilivyokuwa Ulaya. Wazee walizeeka, presha zao hazikuzeeka.

Wapo waliosoma matokeo kama hayo wakahitimisha kwamba Mwafrika amezaliwa na kinga dhidi ya magonjwa ya moyo. Hawakusema kweli. Katika miaka ya 1980 watafiti waliwafuata Wajaluo waliokuwa wakihama vijiji vya Nyanza kwenda Nairobi, wakawalinganisha na wenzao waliobaki nyumbani. Matokeo yalitolewa mwaka 1990. Presha za wahamiaji zilianza kupanda ndani ya miezi michache ya kufika mjini. Chumvi katika mkojo wao iliongezeka, uzito ukapanda, na potasiamu, madini yaliyomo kwa wingi katika mboga, matunda na viazi, ikapungua. Kabila lilikuwa lilelile. Kilichobadilika ni sahani na mwendo wa maisha.

Wale walilazimika kuhama ili mabadiliko hayo yawapate. Mtu wa Chawia, huko juu ya Mwatate katika milima ya Taita, hahitaji kuhama. Chumvi ya pakiti, mafuta ya kugandamana, soda, sukari na sigara za rejareja vimemfuata hadi dukani kwake. Boda boda inambeba kwenye mteremko ambao baba yake aliushuka na kuupanda kwa miguu kila siku. Maisha ya mjini yamepanda mlima, lakini hospitali za mjini hazikupanda nayo. Hilo ndilo linalonifanya niandike sura hii kwa ajili ya Chawia: kwa mtu anayeishi mbali na mitambo ya kufungua mishipa ya moyo, kinga ndiyo matibabu yaliyo karibu naye kuliko yote.

Miaka mingi ya kimya

Moyo wa mtu mzima una ukubwa wa ngumi yake. Hupiga takriban mara 100,000 kwa siku, na kila dakika ya mapumziko husukuma karibu lita tano za damu. Lakini damu iliyojaa ndani ya vyumba vyake siyo inayoulisha. Msuli wa moyo hulishwa na mishipa myembamba inayoanzia kwenye mshipa mkuu, mara tu damu inapotoka moyoni, kisha ikatambaa juu ya moyo na kujigawa katika matawi. Ugonjwa tunaouzungumzia huzaliwa ndani ya kuta za mishipa hiyo.

Upande wa ndani wa mshipa umefunikwa na utando wa seli, safu moja tu, laini mno. Utando huo ukiwa mzima, damu hupita bila kuganda. Presha ya juu huupiga na kuuchosha, moshi wa tumbaku huutia sumu, na sukari iliyozidi katika damu huuharibu polepole. Ukishadhoofika, chembechembe zinazobeba lehemu, yaani kolesteroli, hasa zile zijulikanazo kama lehemu mbaya, hupenya na kunasa chini yake. Kadiri zinavyozidi katika damu, ndivyo zinavyozidi kupenya.

Mwili hauvumilii kitu kilichonasa pasipo mahali pake. Chembe nyeupe za damu, zilezile zinazopambana na vijidudu, huingia ukutani na kuanza kuimeza lehemu. Humeza hadi zinavimba, na nyingi hufia humohumo, zikaacha uji wa mafuta na uchafu. Mwili hujaribu kuufunika uji huo kwa utando mgumu wa nyuzi. Hivyo basi hujengeka ndani ya ukuta wa mshipa kitu kinachofanana na jipu: laini ndani, gumu juu, na limezungukwa na uvimbe.

Kazi hii huanza mapema kuliko watu wanavyodhani. Mwaka 1953 madaktari wa jeshi la Marekani walieleza walichokiona katika mioyo ya askari 300 waliouawa katika vita vya Korea. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 22, vijana walioonekana na siha kamili. Karibu wanane kati ya kumi walikuwa tayari na dalili za ugonjwa katika mishipa ya moyo. Ugonjwa ulikuwa ukijengeka kimya.

Kimya hicho ndicho kinachohadaa. Mshipa unaweza kupungua nusu ya upenyo wake na mwenyewe asihisi chochote akiwa ametulia. Anaweza kuhisi pale tu moyo unapodai damu zaidi, na hapa mlima wenyewe huwa kipimo. Mtu anayepanda kwenda nyumbani akahisi kifua kinabana, akisimama kinaachia, na kesho yake kikabana tena palepale njiani, asijiambie kwamba ni uzee wala gesi. Ni ishara ya mshipa uliokwisha kupungua, na anapaswa kumwona daktari wiki hiyohiyo.

Dakika za mshtuko

Watu wengi hufikiri mshtuko wa moyo hutokea mshipa unapojaa mafuta kidogo kidogo hadi ukaziba. Mara nyingi sivyo. Mishtuko mingi hutokana na majipu ambayo hayakuwa yamebana mshipa sana. Utando wa juu huchanika ghafla, pengine alfajiri, pengine baada ya kazi nzito au hasira kali, na uji wa ndani ukakutana na damu. Mwili huuchukulia mchaniko huo kama jeraha. Chembe sahani, zile zinazozuia damu kutoka mtu anapojikata, hukimbilia hapo na kushikamana, na damu ikaganda. Donge hilo linaweza kuziba mshipa wote ndani ya dakika.

Upande wa pili wa donge, msuli wa moyo hubaki bila oksijeni. Baada ya dakika 20 hivi, seli za kwanza huanza kufa. Zikifa hazirudi, na mahali pake huota kovu lisiloweza kusukuma damu. Kifo hicho huenea saa baada ya saa, na kufikia saa ya sita sehemu kubwa ya eneo lililokosa damu huwa imekwisha kupotea. Wengine hufa mapema zaidi, kwa sababu msuli wenye njaa huvuruga umeme wa moyo, mapigo yakageuka mtetemo usiosukuma kitu.

Dalili iliyo ya kawaida zaidi ni kifua kubanwa au kulemewa, katikati au upande wa kushoto, kwa zaidi ya dakika chache. Maumivu yanaweza kwenda begani, mkononi, mgongoni au tayani. Jasho baridi, kichefuchefu, kuishiwa pumzi na hofu ya ghafla huandamana nayo. Lakini kwa wanawake, wazee na wenye kisukari, kifua kinaweza kisiume kabisa. Kinachoonekana ni uchovu usio na sababu, kutapika, kukosa pumzi, au maumivu juu ya tumbo ambayo kila mtu atayaita vidonda vya tumbo.

Kutotambuliwa kwa dalili hizi si jambo la wanavijiji peke yao. Ng'ambo ya mpaka wa Taveta, katika hospitali ya KCMC mjini Moshi, Tanzania, mwaka 2019 watafiti waliwapima watu wazima waliofika idara ya dharura wakiumwa kifua au kukosa pumzi. Walitumia kipimo cha umeme wa moyo na kipimo cha damu kinachoonyesha kufa kwa msuli wa moyo. Zaidi ya mmoja kati ya watano alikuwa na mshtuko wa moyo. Karibu wote walikuwa wamehesabiwa kuwa na ugonjwa mwingine, na zaidi ya wanne kati ya kila kumi walifariki ndani ya siku 30. Ugonjwa uliokuwa haba Uganda ya miaka ya 1950 sasa uko jirani, na bado hatujajizoeza kuutafuta.

Safari ya kutoka Chawia

Dawa zipo, na faida yake imethibitishwa. Mwaka 1988 utafiti wa kimataifa uliohusisha wagonjwa zaidi ya 17,000 ulionyesha kwamba aspirini peke yake ilipunguza vifo kwa karibu robo, dawa ya kuyeyusha donge la damu ikapunguza kwa kiasi kama hicho, na zote mbili pamoja kwa karibu asilimia 42. Njia bora zaidi ni kupitisha mrija mwembamba hadi kwenye mshipa ulioziba na kuufungua, lakini vyumba vya kufanyia kazi hiyo nchini Kenya vimejikusanya Nairobi na katika miji mikubwa.

Mgonjwa wa Chawia lazima kwanza ashuke Mwatate, kisha asafiri takriban kilomita 25 hadi Voi, iliko Hospitali ya Rufaa ya Moi. Usiku, mvua ikinyesha, bila gari lililo tayari, safari hiyo hula saa ambazo moyo hauna. Ndiyo maana mpango hufanywa kabla ya ugonjwa. Kila nyumba yenye mtu mwenye presha au kisukari ijue ni jirani gani ana gari, na namba yake iwe kwenye simu ya kila mtu nyumbani. Mgonjwa asitembee kuteremka mlima, wala asipakiwe kwenye boda boda akiwa anazimia. Akae ameegemea, alegezewe nguo. Ikiwa anaweza kumeza, hana mzio wa aspirini na hatokwi na damu tumboni au kwingineko, atafune aspirini ya miligramu 300 wakati gari linasubiriwa. Akifika hospitali, jamaa zake waseme waziwazi, "Tunahofia ni moyo," na waombe kipimo cha umeme wa moyo. Kuomba kipimo si utovu wa adabu.

Mambo tisa

Mwaka 2004 ulichapishwa utafiti mkubwa uitwao INTERHEART, ulioongozwa na daktari Salim Yusuf, katika nchi 52, Kenya ikiwemo. Uliwalinganisha karibu watu 15,000 waliopata mshtuko wa moyo kwa mara ya kwanza na wengine takriban idadi hiyo wasiokuwa nao. Mambo tisa yalitosha kueleza takriban asilimia 90 ya hatari: tumbaku, lehemu isiyo na uwiano, presha, kisukari, kitambi, msongo wa mawazo, ukosefu wa mboga na matunda, kukaa bila kuutumikisha mwili, na namna mtu anavyokunywa pombe. Yaliyokuwa hatari kwa mtu wa Ulaya yalikuwa hatari pia kwa Mwafrika na Mwasia. Ukoo una sehemu yake, na mwenye baba aliyekufa kwa moyo akiwa kijana ajihadhari zaidi. Lakini mambo yote tisa yako mahali ambapo mkono wa binadamu unafika.

Presha ndiyo ya kwanza kwetu. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu Mkenya mzima mmoja kati ya wanne alikuwa na presha ya juu, na kwamba zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwa wamewahi kupimwa maishani. Presha ya juu kwa kawaida haiumi, na asiyepimwa hana njia ya kuijua. Tangu Septemba 2023, wahudumu wa afya ya jamii nchini wamegawiwa mikoba yenye mashine ya kupima presha na ya kupima sukari, ili wawafikie watu majumbani. Mhudumu akija, mpokee. Keti kimya dakika tano kabla ya kupimwa, miguu ikiwa chini, mkono umeegemezwa usawa wa moyo. Kipimo kikirudiwa siku tofauti na bado kikafika 140 kwa 90 au zaidi, hiyo ni presha ya juu, na huhitaji uangalizi wa daktari.

Vidonge vya presha huwaudhi watu kwa sababu havina mwisho. Mtu humeza mwezi mmoja, akajisikia vizuri, akaviacha. Lakini hata kabla ya kuvianza alikuwa akijisikia vizuri. Hisia haipimi presha. Dawa nyingi za presha ni za zamani na za bei nafuu, na kazi yake ni kuulinda ule utando laini wa mshipa kila siku. Anayeziacha bila kumwuliza daktari anaurudisha ugonjwa kazini.

Chumvi ni ya pili. Shirika la Afya Duniani linapendekeza isizidi gramu 5 kwa siku kwa mtu mzima, kiasi cha kijiko kimoja cha chai kwa vyakula vyote pamoja. Wengi wetu huvuka hapo kwa sababu ya kuongeza chumvi mezani, viungo vya pakiti kwenye mchuzi, na vibanzi na viazi karai vinavyonyunyiziwa chumvi stendi ya Voi. Ondoa kopo la chumvi mezani. Ulimi huzoea ndani ya wiki chache.

Kuhusu chakula, Chawia haihitaji kuagiza kitu kutoka mbali. Kimanga, ule mseto wa maharagwe na mihogo au viazi vitamu uliopondwa, una nyuzinyuzi, protini na potasiamu. Mnavu, mchicha, majani ya kunde, parachichi na ndizi huota milimani, na mboga za milima ya Taita huteremshwa hadi masoko ya Mombasa. Lisiwe jambo la kawaida mkulima kuuza kikapu cha mboga ili anunue mkate mweupe, soda na mafuta ya kugandamana. Tumia mafuta ya maji, na kwa kipimo cha kijiko. Usirudie mafuta yaliyokwisha kukaangia mara kadhaa. Punguza sukari ya chai. Nyama si adui, ila mafuta yake meupe na wingi wake kila siku ndivyo vinavyodhuru.

Tumbaku haina kiasi kilicho salama, iwe sigara, ugoro au ya kutafuna. Habari njema ni kwamba mwili husamehe haraka: mwaka mmoja baada ya kuacha sigara, hatari ya ziada ya ugonjwa wa moyo hupungua kwa takriban nusu. Muguka na miraa vina kemikali inayobana mishipa na kuufanya moyo kwenda mbio. Mei 2024 kaunti za Mombasa, Kilifi na Taita Taveta zilichukua hatua ya kupiga marufuku muguka, na mzozo ukafika mahakamani. Wanasheria wana yao ya kubishana. Mishipa ya moyo haisubiri hukumu. Mwenye presha anayetafuna muguka usiku kucha huku akivuta sigara anaumiza moyo kwa njia mbili kwa wakati mmoja.

Moshi wa jikoni nao uhesabiwe. Mama aliyepika miaka mingi kwenye mafiga matatu ndani ya chumba kisicho na dirisha amevuta moshi unaodhuru mishipa, ingawa hajawahi kugusa sigara. Jiko linalotumia kuni chache na tundu la kutolea moshi ni kinga ya moyo wake.

Kutembea ni hazina ambayo Chawia inaipoteza. Mtu mzima anahitaji angalau dakika 150 kwa wiki za mwendo unaomfanya aheme kidogo. Njia za mlimani hutoa hizo bila ada. Anayeweza kutembea hadi kanisani, msikitini au shambani aende kwa miguu, boda boda abaki kuwa wa dharura na mizigo. Wanaokaa siku nzima dukani au kwenye pikipiki wanahitaji hili kuliko mkulima.

Mwenye kisukari ajihesabu kuwa tayari yumo katika kundi la hatari kubwa, apimwe presha na lehemu bila kungoja dalili. Hali kadhalika anayeishi na virusi vya ukimwi: dawa zimempa maisha marefu, na maisha marefu yanahitaji moyo uliotunzwa. Asiache dawa zake. Aongeze kipimo cha presha kwenye kliniki yake.

Walichofanya Karelia Kaskazini

Wapo watakaosema mtu mmoja hawezi kubadilisha mazoea ya kijiji. Ni kweli, na ndiyo sababu kijiji kizima kinahitajika. Karelia Kaskazini ni jimbo la wakulima na wakataji miti mashariki mwa Finland. Mwishoni mwa miaka ya 1960 wanaume wake walikuwa wakifa kwa magonjwa ya moyo kuliko karibu mahali popote duniani. Mwaka 1971 viongozi wa jimbo waliiomba serikali msaada, na mwaka 1972 mradi ukaanza chini ya daktari kijana, Pekka Puska.

Hawakuanza kwa kujenga hospitali kubwa. Walikwenda kwa vyama vya akina mama, shule, wenye maduka, viwanda vya maziwa na vya soseji. Siagi ilipungua mezani, chumvi ikapunguzwa, mboga zikaongezwa kwenye kitoweo, wanaume wakasaidiana kuacha sigara, na presha zikapimwa kijijini. Baada ya miaka 40, vifo vya ugonjwa wa moyo miongoni mwa wanaume wa umri wa kufanya kazi vilikuwa vimepungua kwa zaidi ya asilimia 80.

Wale walikuwa na siagi ya kuacha. Watu wa Chawia wana kazi nyepesi kidogo: sehemu kubwa ya wanachohitaji ni kile ambacho babu na bibi zao walikuwa nacho, pamoja na mashine ya presha ambayo babu na bibi hawakuwa nayo. Chama cha akina mama kinaweza kuamua kwamba mapishi ya mikutano yake yatakuwa na chumvi kidogo. Kanisa na msikiti vinaweza kumkaribisha mhudumu wa afya apime presha baada ya ibada. Mwalimu anaweza kuwafundisha watoto dalili za mshtuko wa moyo, nao wakazipeleka nyumbani.

Ndugu msomaji, kama umefikisha miaka 40, au kama hujafika lakini mzazi wako ana presha au kisukari, usifungue sura inayofuata kabla ya kupanga siku ya kupimwa. Mpeleke na mwenzako wa nyumbani. Andikeni namba zenu za presha kwenye daftari, na mzipime tena kwa tarehe mtakayopewa.